Mwanafunzi wa Pwani aendapo chuo cha bara: upweke nao huuguza

Kila ifikapo Agosti na Septemba, mabasi yatokayo Malindi hubeba abiria ambao mtu huwatambua bila kuuliza. Ni vijana wa kike na wa kiume waliopangiwa vyuo vikuu vya bara: Eldoret, Maseno, Njoro, Nairobi. Buti la basi lina godoro lililofungwa kamba, ndoo mpya na sanduku. Katika nyumba za Shella, mtaa wa kale wa Malindi, mama huwa ameshatia mkobani visheti, achari ya ndimu na kipande cha papa mkavu. Karo imehesabiwa, nauli imehesabiwa, hata shuka zimehesabiwa. Afya ya kijana mwenyewe haihesabiwi na mtu, kwa kuwa anaondoka akiwa mzima.

Baada ya wiki sita au nane huanza simu. Kichwa kinamgonga. Tumbo halitulii. Usiku hapati usingizi, na mchana darasani anasinzia. Huenda kwenye zahanati ya chuo akapimwa malaria, ikaonekana hana, akapewa tembe za kutuliza maumivu na kurudi bwenini. Wiki ya pili hali ni ile ile. Nyumbani nako watu huanza kunong'ona kwamba mtoto amechezewa, na yamkini mzee mmoja akashauri apelekwe kwa mganga.

Si kila kichwa kiumacho ni upweke, na daktari hana budi kupima kwanza. Lakini wazazi wengi wa Pwani hawajaelezwa kwamba mtu anayetolewa ghafla katika lugha yake, chakula chake, ibada yake na watu wake anaweza kuugua mwili kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba ugonjwa huo una dawa.

Moyo hauna raha

Watu wetu hawasemi "nina sonona". Husema "nafikiria sana", "moyo hauna raha", "kichwa kizito", "mwili umechoka na kazi sijafanya". Daktari aliyefundishwa kwa Kiingereza akiuliza kama mgonjwa ana huzuni, kijana hujibu hapana, tena kwa ukweli wake. Akiulizwa kama anafikiria sana, atazungumza nusu saa.

Maelezo ya kitaalamu si magumu. Mwili wa binadamu anayejiona yuko ugenini, asiye na hakika kama anakaribishwa, hukaa katika hali ya tahadhari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo kortisoli. Kwa muda mfupi homoni hiyo inafaa, maana ndiyo inayomwezesha mtu kukimbia simba. Ikiendelea kwa majuma na miezi, huvuruga usingizi, hupunguza au kuzidisha hamu ya kula, huchafua tumbo na kudhoofisha kumbukumbu. Hapo ndipo afya inapokutana na masomo. Mwanafunzi husoma ukurasa mara tatu na usiingie, kisha hujiambia kwamba yeye ni mjinga. Wazo hilo la pili humwongezea hofu, na hofu humwondolea usingizi wa usiku unaofuata.

Mtoto wa Kiswahili kuchekwa kwa Kiswahili chake

Kinachomkuta kijana wa Shella huko bara kina kejeli yake. Lugha yake ya nyumbani ni lugha ya taifa, na tangu Katiba ya mwaka 2010 ni lugha rasmi pia pamoja na Kiingereza. Ungedhani atakwenda kifua mbele. Badala yake, akifungua kinywa bwenini wenzake humwigiza lafudhi na kumwambia anaimba. Darasani mhadhara ni wa Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na barazani watu wanaongea Sheng ya Nairobi. Mwenzake aliyetoka Ganze au Magarini ana mzigo zaidi, kwani kwake Kigiriama ndiyo lugha ya kwanza, Kiswahili ya pili, na Kiingereza ya tatu.

Utani peke yake hauui. Hatari ipo katika ile kauli inayorudiwa kote nchini kwamba Wapwani ni wavivu na masomo si yao. Kijana anaisikia tangu shule ya msingi, mara nyingine hata kwa walimu. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claude Steele na Joshua Aronson, walitoa matokeo ya majaribio waliyoyafanya katika Chuo Kikuu cha Stanford. Wanafunzi weusi na weupe walipewa mtihani mgumu. Walipoambiwa kwamba unapima akili, wanafunzi weusi walifanya vibaya kuliko weupe wenye msingi sawa na wao. Walipoambiwa kwamba ni zoezi tu la kutatua mafumbo, tofauti hiyo ilipungua sana. Watafiti waliofuata wamebishana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, ila mtu yeyote aliyewahi kuinua mkono darasani akijua kwamba wenzake wanangoja akosee anaielewa vizuri.

Afadhali vijana wetu waelezwe pia habari za Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akafanya mtihani wa Cambridge na kupata daraja la tatu, na Makerere ikamkataa. Alifanya kazi ndogo katika Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hotuba aliyoitoa katika sherehe ya Maulidi ilimvutia gavana wa koloni, na hatimaye akapata msaada wa kwenda Uingereza mwaka 1955. Alipata shahada Manchester, nyingine Columbia, na udaktari Oxford mwaka 1966. Makerere ile ile iliyomkataa ilikuja kumpa uprofesa. Tazama mlango alioingilia: hakuacha Maulidi nyumbani ili awe msomi. Kwenye Maulidi ndiko alikoonekana.

Kitambulisho nacho ni suala la afya

Wako wanafunzi ambao taabu yao ilianza kabla ya basi kuondoka. Wapemba, ambao wazee wao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba wakiwa wavuvi na kukaa katika pwani za Kilifi, Kwale na Lamu, waliishi miaka mingi bila kutambuliwa kuwa Wakenya. Asiye na kitambulisho hawezi kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, wala hafungui akaunti ya benki au kusajili simu kwa jina lake. Wamakonde wa Kwale walipata uraia baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016. Zamu ya Wapemba ilikuja mwaka 2023, serikali ilipowatambua rasmi. Kijana aliyepata cheti mwaka jana au juzi anaingia chuoni akiwa na mazoea ya kujificha, na mazoea hayo hayaishi siku kadi inapotoka. Akiitwa ofisini kwa jambo dogo tu, moyo humwenda mbio.

Kuna na wachache zaidi. Waata, ambao wengi wetu huwaita Wasanye, walikuwa wawindaji mashuhuri wa mishale katika nyika za nyuma ya Malindi, wakaondolewa katika ardhi yao mbuga ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948. Waboni wa Lamu, ambao wenyewe hujiita Aweer, walipigwa marufuku kuwinda mwaka 1977 pamoja na nchi nzima. Kuanzia mwaka 2015 msitu wao ukawa uwanja wa operesheni ya kijeshi, na baadhi ya shule zao zikafungwa. Katiba, katika kifungu cha 260, inazitaja jamii za uwindaji na ukusanyaji miongoni mwa jamii zilizotengwa, na kifungu cha 56 kinaiamuru serikali iwe na mipango maalum ya elimu kwa ajili yao. Kijana wa Kiaweer akifika chuo kikuu, huenda akawa yeye peke yake wa kabila lake katika wanafunzi maelfu. Hana hata wa kumsalimia kwa lugha ya mamake. Kwake yeye kuambiwa "jiunge na wenzako" ni maneno matupu.

Chakula, baridi na Ramadhani

Mambo haya huonekana madogo mpaka yamfike mtu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtoto aliyezoea joto la Malindi hupata baridi isiyokwisha, na kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao Kilifi tunaujua sana, baridi na upungufu wa maji mwilini vyaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Mwanafunzi wa namna hiyo aripoti kwa daktari wa chuo juma la kwanza, asingoje aanguke. Aombe kitanda kisicho karibu na dirisha, na ahakikishe anaye rafiki anayejua la kufanya usiku.

Aendaye Maseno au Kisumu asije akadhani malaria ameiacha Pwani. Kando ya Ziwa Victoria maambukizi ni makubwa kuliko Malindi ya leo, kwa hiyo chandarua kiwemo katika sanduku. Na aliyekaa mwaka mzima mahali pa baridi, kinga yake dhidi ya malaria hupungua. Akirudi likizoni alale ndani ya chandarua kama mgeni.

Chakula cha kantini ni sima, sukuma wiki, githeri na maharagwe. Ni chakula kizuri kwa afya, tusikidharau. Lakini hakina nazi, hakina samaki, na asubuhi hakuna mahamri kwa mbaazi. Wapo wanaokataa kula wakadhoofika, na wengine hushinda na soda na chipsi. Dawa ni kupika mara moja au mbili kwa juma pamoja na wenzao pale sheria za bweni zinaporuhusu. Nazi hupatikana katika masoko ya miji mingi ya bara. Mikono inapokuna nazi maneno hutoka, na mtu aliyefunga mdomo mwezi mzima utamsikia akisimulia.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mipango. Kantini nyingi hufungwa kabla ya adhana ya magharibi, na saa ya daku hakuna aliyeamka. Mfungaji akikosa daku siku kadhaa mfululizo, akakesha kusoma na kuamka mapema kwa ajili ya mhadhara, atapungukiwa na usingizi kabla ya kupungukiwa na chakula, na usingizi ndio unaoathiri masomo zaidi. Inafaa alale kidogo baada ya adhuhuri, anywe maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku, na apunguze chai kali ya usiku. Mwenye kisukari, kifafa au selimundu amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Chuo kinachotaka kusaidia hakina gharama kubwa: kantini iweke chakula cha kubeba, na mtihani usipangwe saa ya futari.

Mila si ukabila

Kwa muda mrefu wataalamu wa elimu ya juu waliamini kwamba mwanafunzi hufaulu akikata kamba na nyumbani na kujiunga kabisa na maisha ya chuo. Mmarekani Vincent Tinto ndiye aliyeieneza fikra hiyo tangu mwaka 1975. Mwenzake William Tierney, aliyechunguza wanafunzi wa asili wa Marekani, wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu, aliipinga mwaka 1992. Alisema kwamba kumtaka mtu auache utamaduni wake ili apate shahada ni kumtaka ajiue nusu. Nadhani Tierney alikuwa na haki.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka Kanada. Mwaka 1998 Michael Chandler na Christopher Lalonde walichapisha uchunguzi wao kuhusu vijana waliojiua katika jamii za wenyeji wa asili wa jimbo la British Columbia. Baadhi ya jamii zilikuwa na idadi ya kutisha, nyingine hazikuwa na hata kijana mmoja. Tofauti iliambatana na mambo ambayo madaktari hawakuzoea kuyaandika katika kadi ya mgonjwa: kama jamii ina mamlaka juu ya shule zake na huduma zake za afya, kama inapigania ardhi yake, kama ina mahali pa kuendeshea mila zake. Jamii zilizokuwa na mambo yote sita waliyoyahesabu hazikupoteza kijana hata mmoja katika miaka ile iliyochunguzwa. Mwaka 2007 walionyesha kwamba lugha nayo ni ngao: penye angalau nusu ya watu wanaoongea lugha yao, vijana kujiua kulikuwa karibu kutoweka.

Katika jimbo hilo hilo, Chuo Kikuu cha British Columbia kilifungua mwaka 1993 nyumba kubwa iliyojengwa kwa mtindo wa jadi wa wenyeji wa pale, ambamo wanafunzi wao hukutana, hula, hupata mshauri na husikiliza wazee. Huko Arizona, Wanavajo walianzisha chuo chao wenyewe mwaka 1968.

Hapa kwetu akitajwa mwanafunzi kukutana na watu wa kwao, wakuu wa vyuo huogopa neno ukabila, na sababu ya kuogopa wanayo, kwani vyama vya kikabila vimewahi kutumiwa katika chaguzi za wanafunzi na kuleta fujo. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kukutana ili kupika, kusoma dua na kucheza chakacha au ngoma ya Kigiriama, na kukutana ili kumnyima mwingine kura. Shughuli ya kwanza ifunguliwe kwa wote. Mluo akija kula wali wa nazi, hakuna ukabila uliobaki hapo.

Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi mjini, kilianza mwaka 2007 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na kupata hati yake mwaka 2013. Kwa mtoto wa Shella ni mwendo wa saa mbili au pungufu. Watu hudhani kusoma karibu ni nafuu tupu. Kuna upande wa pili: mwanafunzi aliye karibu bado anahesabiwa nyumbani. Harusi ikiwapo aje, mgonjwa akilazwa aje alale hospitalini, na penye hanga la Kigiriama hukaa matanga siku kadhaa. Chuo humtaka alete barua ya kifo cha "jamaa wa karibu", na mjomba aliyemlea hamo katika orodha yao. Kanuni hiyo inaweza kubadilishwa kwa kikao kimoja cha seneti. Chuo hicho kina bahati ya kuwa katika kaunti yenye makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Wazee wa kaya wanajua mimea, historia na sheria za kusuluhisha ugomvi. Kuwaalika darasani na kuwalipa kama wahadhiri wengine wa kualikwa kungewaonyesha vijana kwamba elimu ya babu yao nayo ina mshahara.

Saa moja yenye faida

Jaribio moja linastahili kuigwa na kila chuo. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza maelezo ya waliowatangulia: kwamba mwanzoni karibu kila mtu hujiona mgeni, na hali hiyo hupita. Wanafunzi waliandika insha fupi kuhusu maisha yao wenyewe, wakaisoma mbele ya kamera. Kazi nzima ilichukua kama saa moja. Katika miaka mitatu iliyofuata, pengo la alama kati ya wanafunzi weusi na weupe lilipungua kwa karibu nusu, na wanafunzi weusi walioshiriki waliripoti kwenda kwa daktari mara chache zaidi. Kwetu hata kamera haihitajiki. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Malindi, Lamu au Kwale akae na wapya jioni moja, awaambie wazi kwamba naye alilia choo cha bweni mwezi wa kwanza.

Mzazi naye abadilishe maswali ya simu. "Unasoma?" hujibiwa "ndiyo, mama", na mazungumzo yakaishia hapo. Uliza: umekula nini leo? Umelala saa ngapi? Umezungumza na nani tangu asubuhi? Jibu la swali la tatu likiwa "na wewe tu" siku nne mfululizo, piga simu kwa mlezi wa wanafunzi.

Dalili hizi zikidumu majuma mawili au zaidi, si deko: usingizi kupotea au kuzidi, kukosa hamu ya chakula na ya mambo aliyoyapenda, kujitenga, kujilaumu, kushindwa kufikiri, kuanza miraa, muguka au pombe ili apate kulala. Akisema kwamba heri asingekuwapo, au akianza kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake hata saa moja. Akisikia sauti wasizozisikia wengine, ni hospitali siku hiyo hiyo. Familia ikitaka pia kumsomea au kumwita mganga, isifanye siri. Daktari aelezwe, na dawa za miti zisichanganywe na tembe kabla hajaulizwa. Daktari naye asicheke. Akicheka, mgonjwa hatarudi.

Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga liliishauri serikali itangaze maradhi ya akili kuwa janga la dharura la kitaifa. Zamani aliyejaribu kujiua aliweza kushtakiwa, na familia nyingi za Pwani zilificha wagonjwa kwa hofu ya polisi pamoja na aibu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mgonjwa apelekwe hospitali iliyo karibu bila kuogopa mashtaka. Kwa walio Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha magonjwa ya akili. Aliye mbali na hospitali, au anayetaka kwanza mtu wa kuzungumza naye, aweza kupiga nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, ambayo hailipiwi, na aombe kuzungumza kwa Kiswahili.